Kukhu Alipomuuliza Pepo Jina Lake

Nilipokuwa darasa la nne, shetani alifika soko la Navakholo ndani ya kanda ya video. Alionyeshwa Jumamosi, kufikia Jumatatu dada yangu mdogo, Nafula, hakuwa na mtu wa kuketi naye darasani.

Filamu yenyewe ilihusu msichana wa Kizungu aliyeingiwa na pepo. Alitetemeka kitandani, akatoa povu, akanguruma kwa sauti ya mzee. Nafula alikuwa na kifafa, na wenzake waliona ni mambo yale yale. Walimkimbia. Hata mimi, nasema kwa aibu, nilianza kumpa mgongo kitandani. Ijumaa akakataa kabisa kwenda shule.

Bibi yetu, tuliyemwita Kukhu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajifunga leso.

"Nipeleke nione hiyo pepo inanyima mtoto wangu masomo," akaniambia.

Ilikuwa mchana, siku ya soko, na filamu ile ilikuwa ikionyeshwa tena. Tuliketi benchi la mbele kabisa, katika kibanda kilichozibwa kwa magunia. Pepo aliponguruma, watu wazima na ndevu zao walijificha nyuma ya wenzao. Kukhu akasimama, akaisogelea televisheni.

"Nyinyi mnaogopanga nini? Mtoto akilianga hivi anatakanga jina!" Akamwinamia msichana. "Wewe ni nani? Ni Makokha? Ni Wanjala?"

Kwetu, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee humtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake, kwani marehemu mwenye jina hilo alitaka kukumbukwa. Kukhu hakujua pepo mwingine ila jamaa aliyesahaulika.

"Kukhu, keti, watu hawaoni!" mwenye video akalalamika.

"Ni Wekesa?"

Picha ikabadilika. Msichana alikuwa amelala, ametulia tuli.

"Si mmeona? Ni Wekesa. Wampatie jina, mtoto alale."

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisa hicho kilitutangulia shuleni. Nafula alirudi Jumatatu kwa kuvutwa mkono, na siku mbili baadaye akaanguka uwanjani. Nilipofika mbio, watoto walikuwa wamemzunguka. Mmoja alikuwa amemwekea sweta chini ya kichwa, na wote walikuwa wakimtajia babu zao kwa zamu. "Ni Barasa?" "Ni Wafula?" Nikapiga magoti, nikataja wetu.

Mwalimu aliyeona hayo ndiye aliyemhimiza mama ampeleke hospitali. Dawa zilifanya kazi. Leo Nafula anauza nguo Likuyani, na ni miaka mingi hajaanguka.

Najua fika kwamba Wekesa hakumtibu mtu. Kukhu alikosea karibu kila kitu mchana ule, na bado namshukuru kuliko wote waliokuwa sahihi. Kabla dawa hazijapatikana, dada yangu alianguka, akafumbua macho, na kwa mara ya kwanza akakuta watu hawajaondoka.