Wimbo wa Baba kwenye Friza ya Samaki

Baba alimpa mama mmoja muuza mandazi pale Kisian karatasi zake zote za nota, azifungie mandazi. Hakuniuliza. Alikuwa mwalimu mstaafu, na kwa walimu wa enzi zake, kazi ikishanakiliwa vizuri, rafu ni takataka. Mimi ndiye niliyeinakili. Nilikuwa na ofisi ndogo ya kupiga chapa Kondele, na ndani yake kompyuta moja, printa moja, na diski ya nje, kisanduku kizito cha kijivu nilichokinunua kwa ofisi iliyokuwa ikifungwa. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Baba alikiamini kile kisanduku kuliko kabati lake la chuma.

"Si imeingia kwenye mashine?" aliniambia nilipomuuliza karatasi ziko wapi. "Sasa karatasi ni za nini?"

Nilicheka. Niliwaza watu wa Kisian wakinywa chai huku soprano na alto zikiloa mafuta mikononi mwao. Nilicheka mpaka Alhamisi ile diski ilipoanza kugonga.

Nyimbo zake za zamani hazikunipa wasiwasi. Kwaya kuanzia Kisian hadi Awasi zilikuwa zinaziimba bila hata kutazama karatasi. Wasiwasi wangu wote ulikuwa kwa wimbo mmoja, wa mwisho. Baba alikuwa ameugua kifua kikuu, na sindano za matibabu zilimponya mapafu zikamla masikio. Wimbo ule aliuanza akisikia kidogo, akaumaliza akiwa hasikii hata lori la barabara ya Busia likipita mlangoni. Hakuna mtu aliyekuwa ameuimba bado. Hata yeye mwenyewe hakuwahi kuusikia. Kwaya ya Awasi ilikuwa inautaka kwa ufunguzi wa kanisa lao jipya, na mwalimu wao angekuja Jumamosi mchana kuchukua nakala. Duniani kote ulikuwa mahali pamoja tu, napo ni ndani ya kisanduku changu.

Tik, tik, kimya, tik. Skrini iliniuliza kama nataka kujaribu tena au kuacha. Nilijaribu tena mpaka kidole kikachoka. Kwa kawaida mashine ikinisumbua mimi huitukana, tena kwa sauti. Siku hiyo sikutukana, ndipo nikajua nimeogopa kweli.

Fundi wa mjini aliitegea sikio, akaizima haraka.

"Kila ukiwasha, unaimaliza," alisema. "Kuna jamaa huniambia ukiigandisha inaamka kidogo, dakika chache tu. Mimi sijajaribu. Usije kunilaumu."

Friza ya karibu ilikuwa ya jirani yangu wa mlango wa pili, mama aliyeuza minofu ya mbuta. Alikitazama kifurushi changu kama mtu aliyeletewa paka.

"Hiyo kitu italala na samaki yangu?"

"Nimeifunga na nailoni mara tatu, mama."

"Na ikilipuka?"

"Haiwezi kulipuka."

"Hata hawa watu wa stima walisema haitapotea tena."

Nilipomwambia ni wimbo wa mwalimu, baba yangu, uliomo ndani, alisogeza mbuta upande mmoja, akaniachia nafasi.

Ijumaa asubuhi baba alifika kutoka Kisian. Tulizungumza kwa kijibao cha chaki, mimi nikiandika, yeye akijibu kwa mdomo. Nilimwandikia kumuuliza kama anaweza kuutunga upya. Alitikisa kichwa.

"Niliutunga na robo ya sikio, nyara," alisema. Hivyo ndivyo alivyoniita siku zote, binti yangu, kwa Kijaluo. "Sasa hata hiyo robo sina. Sauti zote nne siziwezi."

Nilikuwa nimechapa kila sauti peke yake, kwa sababu nota za sauti nne zikikaa ukurasa mmoja zilikuwa zinanipandiana. Kwa hiyo zilikuwa faili nne: soprano, alto, teno na besi. Niliitoa diski kwenye friza ikiwa baridi ya kuumiza vidole, nikachomeka waya, nikaweka flopi. Baba akaweka kiganja chake juu ya kisanduku. Diski ikazunguka bila kugonga. Soprano ikaingia kwenye flopi.

"Inagonga," baba akasema.

Mimi sikuwa nimesikia kitu. Nilitega sikio, na kweli, tik ya kwanza ikaja. Nikaizima nikakimbia nayo kwa jirani.

Mchana huo stima ikapotea. Nilienda kuchungulia friza, mama akanifukuza. Alisema akifungua, baridi itatoka, samaki wataoza na wimbo utaoza nao. Akaketi juu ya mfuniko akishona kitambaa, wateja wakiambiwa warudi baadaye. Nilizunguka nje nikijilaumu kwa mambo ambayo hayakuwa makosa yangu, kisha nikamlaumu baba kimoyomoyo, kisha yule mama wa mandazi, ambaye hata hakujua kusoma nota. Stima iliporudi ilikuwa karibu jioni. Tuliisubiri diski igande vizuri, na alto ikatoka, polepole mno, nikiwa nimeshikilia meza kwa mikono miwili.

Jumamosi asubuhi tulipoitoa ilikuwa imelowa matone. Niliipangusa kwa leso, nikaiwasha. Safari hii haikugonga. Ilisaga, chuma kwa chuma, na baba akakunja uso kwa alichokihisi mkononi. Sikuhitaji fundi kuniambia. Nilichukua chaki nikaandika: "Imebaki nafasi ya moja tu. Ipi?"

Alisoma. Nje mtu alikuwa anauliza bei ya mbuta.

"Teno," alisema. "Besi achana nayo."

Nilimtazama kama mtu aliyerukwa na akili. Wimbo usio na besi utasimama wapi?

"Hizo nyingine nilizitunga kwa sikio," alisema. "Besi niliitunga kwa koo. Koo bado ninalo. Haraka."

Nilibonyeza. Kile kialama cha skrini kikawa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, huku kisanduku kikisaga. Kisha skrini ikasema faili moja imenakiliwa. Baba akaondoa mkono.

"Imekufa," alisema, na haikuamka tena.

Nilifungua ukurasa mtupu. Yeye akasimama wima mbele ya meza yangu, kama alivyosimama mbele ya madarasa miaka yote, akabana koo kwa vidole viwili auhisi mtetemo, akaanza kuimba majina ya nota. Do, do, so, la. Niliandika huku nimeinamisha uso. Besi yake ndiyo iliyokuwa ikisikika mpaka barabarani nilipokuwa mtoto. Sasa do ilikuwa inapanda juu ya mi, la inaanguka chini ya kila kitu, sauti inapasuka na kurudi popote ilipotaka. Jirani alikuja mlangoni na mikono yake ya samaki, akasikiliza, akarudi kwenye friza yake. Lakini nilipolinganisha na teno, mapigo yalilingana. Hakuna nota iliyokosa nyumba yake.

Katikati ya ubeti wa pili akasimama.

"Inasikika vizuri?"

Huyu ndiye mtu aliyetuchapa zaidi kwa uongo kuliko kwa kosa lenyewe. Nilitaka sana kuandika ndiyo, neno fupi, halingemdhuru mtu. Nikaandika: "Sauti imekwenda, Baba. Nota ziko sawa."

Alikishika kijibao kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo. Midomo yake ilisoma, ikasoma tena. Kisha akakirudisha mezani, akakigeuza kikalala kifudifudi.

"Basi andika nota," alisema. "Sauti wataleta wao."

Akabana koo tena, akaendelea pale alipoachia.