Namba Saba na Tamthilia ya Mama

Ramadhani ile, nyumba niliyokuwa nafanyia kazi Riyadh ilichaguliwa na kampuni moja ya kupima watazamaji wa TV. Fundi alikuja na kisanduku cheusi, akakiweka chini ya TV ya sebuleni, akatoa na rimoti ndogo yenye vitufe vya namba. Kila mtu wa nyumba alipewa namba yake. Ukikaa kutazama, unabonyeza; ukiondoka, unabonyeza tena. Kisanduku kinapeleka habari kwa wenyewe, nao wanajua ni kipindi gani kinapendwa na kipi kinatazamwa na kuta.

Baba akawa moja, madam mbili, watoto wao watatu wakafuatia. Mama, yaani mamake baba, ambaye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba hasa, akapewa sita. Fundi akauliza kama kuna mwingine anayelala humu. Madam akasema halas, basi, ni sisi tu. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na sinia ya kahawa.

"Na huyu?" fundi akauliza, akinielekezea kidevu.

Madam akanitazama kana kwamba ndiyo kwanza nashuka kwenye ndege. "Huyu pia?"

"Analala humu, anahesabiwa."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa namba saba. Sitasema sikufurahi. Tangu niingie nyumba ile hakuna aliyewahi kuniuliza napenda nini, hata kwenye chakula nilichopika mwenyewe.

Mama ndiye aliyekataa. Kwake yeye, kuhesabu watu wa nyumba ni kuwaitia husuda. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, alijibu, "Wapo, alhamdulillahi," na ukiuliza tena alikuagiza maji. Fundi alipoondoka tu, mama alikifunika kitufe chake kwa plasta ya kidonda, akatuambia yeye si kuku wa kuhesabiwa jioni.

Asiyeijua Ramadhani ya kule anaweza kudhani ni ibada tupu. Ibada ipo, lakini TV nayo ina msimu wake, na msimu ni huo. Kila stesheni huweka akiba ya vitu vyake vizuri kwa mwezi huo mmoja. Kulikuwa na kichekesho cha majirani wanaogombania mahali pa kuegesha gari, ambacho baba alikicheka mpaka anapaliwa na supu ya shorba. Kulikuwa na kipindi cha kuwatisha watu maarufu kwa simba wa bandia, cha watoto. Madam alikuwa na shindano lake la mapishi, na baada ya kila shindano mimi ndiye niliyeumia jikoni. Na kulikuwa na tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiarabu, ya mwanamke aliyeolewa na adui wa babake. Hiyo ilikuwa yangu. Niliitazama kwa simu niliyoisimamisha kwenye mtungi wa chumvi, huku naosha vyombo vya futari.

Ya mama ilikuwa tamthilia ya Kibedui. Mahema, mbuzi, wazee wawili waliokosana kwa sababu ya kisima. Tangu mwezi uandame walikuwa bado wamekaa wakijadiliana nani amsalimie mwenzake kwanza. Lakini mama alikuwa akitazama huku midomo yake ikisogea. Siku moja aliniambia, "Hivi ndivyo alivyokuwa anasema mamangu. Siku hizi hakuna anayesema hivi." Nilimwelewa. Mimi pia kuna maneno ya kwetu Kisauni ambayo nikiyasikia kwenye simu, naacha nilichoshika.

Katikati ya mwezi, madam akasoma kwenye simu yake kwamba tamthilia ya Kibedui haina watazamaji, na stesheni inafikiria kuiondoa saa ya futari na kuipeleka alfajiri. Alisema kwa furaha kidogo, nadhani. Mama alinyanyuka, akachukua ile rimoti ndogo, akabandua plasta.

Kuanzia hapo hatukupumua. Adhana ya Magharibi, tende moja, maji, sala, halafu sote sebuleni, bonyeza! Watoto walibonyeza na kurudi kwenye simu zao. Baba, mtu mzima mwenye ofisi na makarani, alikosa majirani wake na mahali pao pa kuegesha, kwa sababu mamake alikuwa amekalia rimoti kubwa. Nami nikaitwa kutoka jikoni.

"Kaa," mama akasema, akipiga sofa kwa kiganja.

Sofa ile nilikuwa naifuta kila siku lakini sikuwahi kuikalia. Nikakaa ukingoni, nusu ya mwili hewani.

"Kaa vizuri! Wataona hujakaa!"

Nikakaa vizuri. Wazee wakaendelea kubishana juu ya kisima, sambusa zangu zikaungua kwenye mafuta, na madam akapiga kelele kutoka chumbani kwamba nyumba inanuka moshi. "Mwache," mama akajibu, "yuko kazini."

Yote hayo yangekuwa ya kuchekesha tu, kama si safari ya Jeddah.

Kila mwaka, kumi la mwisho, familia nzima huenda Jeddah kwa kakake madam, na kutoka pale huenda Makka kwa Umra. Nami huenda, maana watoto hawajilishi. Dadangu mkubwa alikuwa akifanya kazi Jeddah, mtaa wa Bani Malik. Tulikuja nchi hii kwa ndege moja, tukaachana uwanjani, kila mmoja na kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, na tangu siku hiyo hatukuonana. Mwaka uliotangulia madam wake alimnyima ruhusa. Sasa mkataba wake ulikuwa umekwisha na baada ya Idi angerudi nyumbani moja kwa moja. Kama si safari hii, basi. Tulishapanga kukutana: Sharafiya, siku ya Ijumaa, kwenye maduka ya simu.

Usiku wa kufunga mabegi, mama akatangaza: "Huyu abaki."

Madam akaruka. "Na watoto?"

"Watoto wana mama yao. Huyu ana namba. Dereva yuko nje, mlango utafungwa, yeye atatazama."

Nilipowaeleza wenzangu wa Kikenya kwenye kikundi chetu cha simu, walinicheka. Mmoja akaandika, "Unaachiwa TV, AC na fridge, bado unalia? Niletee hiyo shida!" Nilimfungia asinitumie tena. Nina hasira za karibu, sikatai. Dadangu yeye alituma sauti fupi tu: "Sawa, mdogo wangu. Ndiyo dunia." Ningemsikia akilia ingekuwa nafuu.

Asubuhi mama alikuja jikoni kunifundisha. Nilikuwa nakata kitunguu, kwa hiyo machozi yalikuwa na sababu mbili.

"Baada ya Magharibi," akasema, "bonyeza sita, kisha saba."

"Mama, nimefunga. Siwezi kusema uongo."

"Uongo gani?"

"Mama utakuwa Makka unatufu kwenye Umra, na kisanduku kitasema uko hapa kwenye sofa."

Hilo lilimwingia. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akavuta tasbihi yake punje mbili tatu. Nikadhani nimeshinda.

"Basi bonyeza yako tu," akasema. "Yako ni kweli."

Nilikuwa nimejichimbia shimo mwenyewe! Kisu nikakiweka chini. Nikaona kama ukweli ndio unaotakiwa, basi apewe wote.

"Mama, saa hiyo mimi natazama ya Kituruki."

Aligeuka polepole. Sidhani kama aliwahi kufikiria kwamba nina tamthilia. "Ipi?"

"Ya yule aliyeolewa na adui wa babake."

"Yule asiye na haya?"

"Huyohuyo."

"Na ukibaki peke yako?"

"Wallahi nitaitazama, mama. Kwenye TV kubwa. Na nitabonyeza saba, maana itakuwa kweli."

Niliogopa, kusema kweli. Kwa neno lake moja ningerudishwa ofisini kwa wakala. Kisha akainuka, akaenda sebuleni, akachomoa waya wa TV ukutani, na kwa tahadhari akachomoa na wa kisanduku.

"Yalla," akasema. "Funga begi lako."

Garini madam alimuuliza kwa nini amebadili nia. "Hajui kutazama," mama akajibu, akalala.

Ijumaa, baada ya Alasiri, dereva wetu, aliyekuja nasi, alinishusha Sharafiya, akasema Magharibi ikiisha yuko palepale. Dadangu nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amekonda, ameshika mfuko wa blanketi jipya mbele ya duka la simu, anatazama kila mwanamke anayeshuka kwenye teksi. Alipoona ni mimi, alisema tu, "Umenenepa, mshenzi wewe," tukashikana tukalia, watu wakatuzunguka wakipita na mizigo yao.

Tulifuturu kwenye mkahawa mdogo. Nilimweleza jinsi nilivyoponyoka akacheka mpaka tende ikamtoka mdomoni. Halafu akafuta mdomo.

"Kwetu kazini TV iko kwenye majlisi, sebule ya wanaume," akasema. "Muda wote huu sijaona hata tangazo. Hebu nihadithie huyo mwanamke."

Nikamhadithia tangu mwanzo: baba, adui, ile posa ya hila. Alikuwa ameegemea viwiko, kila nikinyamaza kumeza anasema, "Eeh, ikawaje?" Vile vile alivyokuwa akisema tulipokuwa tukilala kitanda kimoja. Tulikuwa hatujafika hata harusini dereva alipopiga honi.

"Utaimalizia huko nyumbani," nikamwambia, tayari nimeshafungua mlango wa gari. "Wanaionyesha huko pia."

"Kuonyeshwa itaonyeshwa," akasema. "Nitacheka na nani?"

Nikaufunga mlango nikiwa nje. Dereva akapiga honi tena, na tena, nami nikarudi nikamshika dadangu na blanketi lake, nikamwambia harusi yote, na ugomvi wa baada ya harusi, mpaka mahali nilipokuwa nimefika mwenyewe.