Dahabo na Mahindi Yaliyokamatwa

Mtu akisema Dahabo Wario alikuwa mlanguzi, damu inanichemka. Tulipanga vyumba vya ukuta mmoja kule mtaa wa Bula Pesa kwa miaka mingi. Kama yule mama alikuwa mlanguzi, basi mimi ni mkuu wa wilaya.

Alizaliwa upande wa Gotu, kule chini nyikani, kwa watu wa ng'ombe. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya sabini ulimaliza ng'ombe wa mumewe, na mume naye akaenda kutafuta kazi, asionekane tena. Dahabo akaja mjini kwetu. Mvua iliporudi na maziwa yakapatikana, alianza kukusanya samli kwa ndugu zake na kuipandisha mlimani kwa Wameru, ambako ilikuwa adimu. Huko akakutana na Gaceri, mkulima mwenye ghala la mahindi na mnunuzi mmoja tu kwa mujibu wa sheria, yaani bodi ya serikali, iliyomlipa siku ilipokumbuka. Wanawake hawa wawili wakaelewana upesi. Samli ikapanda, mahindi yakashuka, na mtaani kwetu unga ukapungua bei bila mtu yeyote kuhutubia.

Shida ilikuwa moja, nayo ilishika bunduki. Sheria ya siku zile ilisema mahindi hayatoki wilaya moja kwenda nyingine bila kibali. Vibali walipata wenye malori na mashemeji ofisini. Mwanamke mwenye magunia mawili alifumbiwa macho pale kwenye kizuizi cha polisi barabarani, mradi aache chochote. Dahabo aliacha, na sioni kwa nini nione haya kwa niaba ya waliopokea.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na nne, mvua ikakataa kabisa. Gotu ilinuka mizoga. Bi Qabale, mama yake Dahabo, alikuwa huko pamoja na kaka yake Dahabo, Kanchoro, wakiishi kwa chai isiyo na maziwa, na baadaye isiyo na sukari. Kanchoro akatembea hadi mjini kumwambia dada yake kwamba mama hawezi tena kusimama.

"Rudi umwambie mahindi inakuja Alhamisi," Dahabo akasema.

Siku hiyohiyo akapanda kwa Gaceri. Gaceri bado alikuwa na mavuno ya mwaka uliotangulia. Bodi haikuwa imekuja kuyachukua na fukusi walikuwa wameshaanza kuyaonja. Akaamuru ghala lifunguliwe. "Beba," alimwambia. "Mambo ya samli tutaongea ng'ombe wakirudi." Safari hii hayakuwa magunia mawili. Yalikuwa kumi, ya Bi Qabale na majirani zake, na wakayapakia kwenye lori la Dualeh, Msomali aliyekuwa akimbebea siku zote.

Kizuizini walimkuta sajini mgeni.

"Kibali iko wapi, mama?"

"Afande, hii ni chakula ya mama yangu. Watu wanakufa huko chini."

"Kila mtu akibeba vile anataka, matajiri watamaliza mahindi ya huku wapeleke Nairobi. Serikali inawalinda nyinyi."

"Basi shika hao wa Nairobi. Mimi naenda Gotu."

Nimeyawaza sana maneno ya sajini, na sitasema yalikuwa uongo mtupu. Matajiri wa kufagia maghala walikuwepo, na njaa ni biashara nzuri kwa asiye na huruma. Lakini hao walikuwa na vibali! Walipita palepale, mchana kweupe, wakipungiwa mkono. Ulinzi wote ule ukamwangukia mama mmoja na magunia yake.

Mahindi yakashushwa na kurundikwa uani kituoni, yawe kielelezo cha kesi. Dahabo alitiwa korokoroni, akatolewa kwa dhamana siku ya Ijumaa. Akarudi kituoni kuomba gunia moja tu, wao wabaki na mengine ya ushahidi. Wakamcheka. Akaja tena kesho yake, na kesho kutwa, na mimi nikaenda naye, kwa sababu nilishindwa kukaa nyumbani.

Tukiwa tumesimama pale nje ya kituo, karibu na kizuizi, msafara wa malori ya msaada ukapita. Yalibeba mahindi ya njano kutoka Amerika, yaliyokatiza bahari na kupanda kutoka Mombasa. Askari aliinua kizuizi kabla hata madereva hawajapunguza mwendo.

"Hiyo iko na kibali?" Dahabo akamwuliza.

"Hiyo ni ya msaada, mama. Toka barabarani."

Mahindi ya njano yaliokoa watu, nami niliyala. Simlaumu aliyeyalima. Ila mlima wa Gaceri tuliuona kutoka milangoni mwetu kila asubuhi, na mahindi yake yakawa magendo, huku yale ya upande wa pili wa dunia yakipokewa kwa heshima zote. Aliyepanga mambo hayo alikuwa amesoma, na alilala ameshiba.

Ofisi ziligawiana mahindi ya njano, zikayahesabu, zikapigiana simu. Yalipofika Gotu, Bi Qabale alikuwa ameshazikwa. Kanchoro alituambia kwamba mpaka mwisho mama alikuwa akiuliza kama leo ni Alhamisi.

Kesi ilitupwa baada ya miezi mingi, na hakimu akamruhusu Dahabo kuchukua mali yake. Mvua ilikuwa imerudi. Mahindi ya chini yalikuwa yameota ndani ya magunia, na ya juu yamekuwa vumbi la fukusi. Hakuyagusa. Alirudi kwenye samli tu, na unga ukapanda bei.

Mwaka wa themanini na nane wafanyabiashara wote waliitwa mkutanoni mjini, nami nikafuatana na Dahabo. Mtaalamu mmoja kutoka Nairobi, na wageni wawili wa shirika la ng'ambo lililoikopesha serikali, walituletea neno jipya: ufanisi. Mtaalamu alisema serikali imekuwa mzigo sokoni, na itajiondoa polepole, kuanzia mahindi hadi majosho ya ng'ombe. Mwenye kutoa chakula penye kingi na kukipeleka penye njaa, alisema, ndiye rafiki wa taifa. Watu wakapiga makofi.

Dahabo akasimama.

"Mimi nilifanya hiyo kazi. Mkaniita mlanguzi, mkanifunga. Leo mnaniita rafiki. Sawa. Na huyo mama yangu, mtamwita nani?"

Mtaalamu akamtazama mwenyekiti wa mkutano. Mwenyekiti akasema jambo hilo halimo kwenye ajenda, kisha akatukaribisha sote tukanywe soda.