Shanga za Kabula

Nilikuwa bado mtoto wa kutumwa kuni, huko vijijini Kharumwa, mdogo wangu Kabula alipoanza kufungwa shanga. Alikuwa hasemi. Kinu kikitwangwa aliziba masikio na kugaragara chini. Ukimshika mkono ghafla ungedhani umemchoma. Siku hizi wanaita usonji. Sisi tulisema mzee wa ukoo aliyekufa anataka mtoto aitwe jina lake, naye atalia mpaka apewe.

Mganga alipasua kuku, akamtaja mzee, akamfunga Kabula shanga shingoni. Kabula akapiga kelele. Mganga akasema yupo mzee wa pili ana wivu, akafunga nyingine mkononi. Kelele zikazidi. Wakaja wazee wa kiunoni na wa miguuni. Kila alivyolia ndivyo alivyofungwa, na ukoo wetu haukupungukiwa wafu.

Mwishowe mganga akasema mtoto ahamie kwake mpaka wazee wamalize ugomvi wao. Tulimjua mtoto aliyehamia kwake kabla. Hakurudi, na wazazi wake waliambiwa wasiulize.

Asubuhi ya kuondoka, bibi mzaa baba alimwogesha. Shanga zilikuwa zimeshika uchafu, akazivua zote azisugue. Kabula akanyamaza. Akakaa kwenye karai akichezea maji, bega lake limemwegemea bibi, yeye asiyetaka kuguswa. Bibi akamtazama sana. Kisha akazitia shanga kwenye kibuyu, akakiziba.

Mganga alipofika, bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Wazee wameridhika."

"Mayu, mama yangu, wamekwambia wewe? Anayesema nao ni mimi."

"Ni wa kwangu. Wewe umewajua juzi kwenye utumbo wa kuku. Mimi nimewapikia."

"Na akilia tena?"

"Akilia, nitamleta mwenyewe."

Mganga akaondoka na hasira zake.

Mwaka huu alinijia binti, mtafiti wa tiba kazi, anayezunguka kwa watu wenye usonji na kutazama wanavyovaa, wanavyokula, nini kinawakera. Alimkuta Kabula, ambaye sasa ni kikongwe kama mimi, amevaa gauni lililogeuzwa, mishono nje.

"Shikamoo bibi. Huwa anavaa hivi?"

"Marahaba. Unataka umgeuze?"

"Hapana. Mshono kwetu si kitu, kwake unaunguza. Mwacheni hivyo hivyo."

Nikamsimulia habari ya shanga. Akatabasamu, akasema bibi yangu alikuwa mjanja, alimshinda mganga kwa maneno ya mganga mwenyewe.

Wasomi wanapenda bibi wajanja. Wangu hakuwa mjanja, aliamini. Angekuwa hasadiki, mganga angempita pale mlangoni. Na kwa kuwa aliamini, Kabula angelia mchana ule kwa njaa tu, au kwa kuumwa na siafu, bibi yule yule angemfunga shanga zote na kumpeleka kwa mkono wake. Tangu binti yule aondoke nalala vibaya. Naamka, nasikiliza kama Kabula anahema.