Karafuu Maiti kwa Mtoto Aliye Hai

Mume wangu alikuwa karani, anajua kuandika barua ya Kiingereza ikamtia mtu jasho, lakini ukimtuma dukani anarudi na msiba. Nasema hivi kwa sababu alirudi nao kweli.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, sie watu wa bara tumehamia Keko juzijuzi. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miezi saba, na pua imeziba siku ya tatu. Akishika ziwa anavuta mara mbili, anakosa pumzi, anaachia, analia. Mtoto asiyenyonya anakwisha huku unamtazama. Muuguzi wa kliniki akanieleza kwamba iko dawa nyeupe inayotokana na mafuta ya mti fulani. Harufu yake hupanda hewani yenyewe, bila moto, ikafungua pua. Nifunge chembe kwenye kitambaa, nining'inize mbali na mkono wake, asiguse wala asilambe. Akaitaja kwa Kiingereza. Mie na sekondari yangu nikafungua kamusi, nikakuta Kiswahili chake: karafuu maiti. Nikaona ni jina baya tu. Kwetu kuna mboga zina majina mabaya zaidi. Nikamwandikia mume wangu kwenye karatasi, akaenda.

Yaliyopita dukani alinisimulia mwenyewe baadaye, nikiwa nimemsimamia.

Mwenye duka alisoma karatasi, akainamisha kichwa. "Ni nani, bwana?"

"Mwanangu."

"Umri gani?"

"Miezi saba."

"Pole sana."

"Asante," akajibu, maana mwenye mgonjwa hupewa pole.

"Ni leo leo?"

"Leo leo. Mama yake ananisubiri."

"Basi chukua hii. Mtoto mdogo hahitaji nyingi."

Akashukuru tena, kisha akasimama njiani kuzungumza habari za mpira. Ndiyo maana habari ya msiba, kutoka dukani, ilifika nyumbani kabla yake.

Wanawake waliingia uani na mikeka, kanga vichwani. Bibi jirani akanikumbatia. "Jikaze, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Shikamoo, bibi. Kazi gani?"

Akawageukia wenzake. "Maskini, hata akili imemruka."

Nyuma yao akaja fundi seremala wa barabarani, futi mkononi. "Samahani, mama. Nyie Wakristo mnatumia sanduku, nikaona niwahi kumpima marehemu."

Marehemu, mgongoni kwangu, akaidaka ile futi akaitia mdomoni. Mwanamke mmoja alitoka mbio akaacha kanga yake.

Hapo ndipo mume wangu alipotokea na kifurushi. Watu wakampa pole, naye akawashukuru mmoja mmoja mpaka akanifikia. Nikamnyang'anya.

"Hiyo twawatilia maiti," bibi akanishika mkono. "Ukimtilia mzima unamwita malaika."

"Nyie na mikeka yenu mmeshamwita, bibi. Kama hajaja, basi tena."

Nikafunga chembe kwenye kitambaa, nikaining'iniza kwenye kamba juu ya kiti changu, nikakaa, nikampakata mtoto. Alikaa kitambo akikoroma, kisha akapiga chafya, na kilichotoka sikiandiki hapa. Nikampa ziwa. Akavuta mara mbili. Nikangoja aachie. Akavuta ya tatu, ya nne, na pua yake ikawa inapuliza upepo kifuani kwangu. Wale wanawake walikaa kwenye mikeka yao wakimsikiliza akinyonya, mithili ya watu wanaosikiliza hotuba.

Bibi akavuta harufu kwa nguvu. "Kumbe wafu wetu wote tumewazika pua zimezibuka."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mie sikuwa nimemsamehe mtu, hasa yule aliyekuwa bado anapokea pole mlangoni.

Fundi akasogea taratibu. "Mama, nimegee chembe. Vumbi la mbao limeniziba wiki nzima."

Nikamwambia aende dukani mwenyewe, na akiulizwa ni nani, aseme ni yeye.