Jinsi Duke Oyaro Alivyoumeza Usaili Wake

Duke Oyaro alikuwa na shahada mbili, tai moja na mwezi mmoja. Shahada ya pili, ya kemia, ilikuwa imemlia miaka sita, miwili kati yake akisubiri mashine ya maabara ya chuo itengenezwe na fundi aliyekuwa daima njiani kutoka Nairobi. Tai ilikuwa ya marehemu baba yake. Mwezi mmoja ndio uliobaki kabla hajatimiza miaka thelathini na mitano, na tangazo la kiwanda kimoja cha chai upande wa Boito lilisema wazi: anatafutwa Afisa Msaidizi wa Ubora, asiwe amefika miaka thelathini na mitano. Matangazo mengine yote aliyoyaona mwaka huo yalitaka mtu wa miaka ishirini na sita mwenye uzoefu wa miaka kumi. Hili ndilo lililobaki. Likipita hili, Duke angekuwa mzee mno wa kuajiriwa na kijana mno wa kustaafu, na katikati hapo hakuna anayelipwa.

Alikaa na mama yake, Yunia, kwenye chumba cha kukodi pale Kapsoit. Yunia alichuma majani chai kwenye shamba la kampuni kwa miaka ishirini na saba, mpaka mashine za kuchuma zikaja zikampumzisha bila kumuuliza kama amechoka. Barua ya kuitwa usaili ilipofika, Yunia aliitangaza kanisani. Hakusema mwanawe ameitwa usaili. Alisema ameitwa kazini.

"Mama, bado hawajaniandika," Duke akalalamika.

"Omogaka, kwa Mungu hiyo ni kitu moja," Yunia akasema. Alikuwa akimwita hivyo, yaani mzee, tangu alipokuwa na meno mawili, na sasa jina lilikuwa limeanza kumfaa vibaya.

Ili asiharibu nafasi hiyo, Duke alirudi chuoni kwa semina ya siku mbili: Stadi za Kazi kwa Wanafunzi wa Uzamili wa Sayansi. Aliyeiongoza ni Daktari Calvince Okello, mkuu wa kitengo cha ushauri wa ajira, mtu mwenye viatu vilivyochongoka kama penseli. Katika maisha yake yote Okello hakuwahi kuajiriwa popote isipokuwa kwenye kitengo cha ushauri wa ajira, jambo lililomfanya awe na imani kubwa na ushauri wake, kwa kuwa haukuwahi kumwangusha.

"Tatizo lenu nyinyi wanasayansi," akaanza Okello, "hamjui kujiuza. Huko nje ni soko. Mjiuze."

Nyuma kabisa Christabel, aliyekuwa akisomea magonjwa ya mimea, akainua mkono. "Daktari, kwa bei gani?"

Walicheka mpaka mtu mmoja akatoka nje. Okello akangoja watulie, kisha akawaambia wafungue wasifu wao. Akafika kwa Duke, akausoma wa kwake huku ameushika kwa ncha za vidole.

"Hapa hujaandika kushirikiana na wenzako."

"Nilikuwa peke yangu maabara, Daktari."

"Na mashine?"

"Ilikuwa imeharibika."

"Miaka miwili?"

"Na miezi."

"Basi andika: anafanya kazi vizuri chini ya shinikizo."

Duke akaandika. Siku ya pili, mchana, wakafika kwenye somo ambalo Okello alilipenda kuliko yote, adabu za mezani. Usaili, alisema, hauanzi pale unapoulizwa swali. Unaanza pale unapokaribishwa chai. Mtu anayevuta chai kwa mlio anatangaza kijiji alichotoka. Mtu anayebakisha anaonyesha dharau. Mtu anayeomba sukari zaidi leo, kesho ataomba mshahara zaidi. Watahiniwa wa uzamili arobaini na mmoja, wengine wana ndevu zenye mvi, wakainua vikombe vitupu na kunywa hewa kimyakimya. Duke aliwashinda wote.

"Tazameni huo mdomo wa Oyaro," Okello akasema. "Huo ni mdomo wa meneja."

Siku ya usaili mvua ya Boito ilinyesha kama kawaida yake, ikimlenga aliyevaa suti. Duke alifika kiwandani na mwavuli unaotiririka maji. Karani akamwingiza kwenye chumba cheupe chenye dirisha kubwa na meza ndefu, akamwambia asubiri. Mezani kulikuwa na bakuli tano nyeupe za chai ya turungi, kila moja na kijiko chake. Chini, karibu na meza, kulikuwa na chombo kirefu cha bati chenye mdomo mpana. Duke akakiona, akafurahi kwamba hawa watu wana mpango, akausimamisha mwavuli wake humo.

Akaingia mama mmoja mwenye aproni nyeupe na miwani juu ya kichwa. Ndiye Phelis, mkuu wa ubora.

"Karibu, Bwana Oyaro. Anza na hizo, halafu tutaongea."

Akatoka tena. Duke akazitazama bakuli. Tano. Alikuwa amesikia watu wa viwanda ni wakarimu, lakini si hivi. Nyumbani kwao, kuacha chai uliyokaribishwa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba ng'ombe wake ni mgonjwa. Chuoni, Okello alisema vilevile kwa maneno ya suti. Na maabara, alikosomea kupima uchungu wa majani ya chai kwa miaka sita, kulikuwa na amri moja iliyobandikwa ukutani: hakuna sampuli inayoingia mdomoni. Kwa hiyo, katika usomi wake wote wa chai, Duke hakuwa amewahi kuonja hata tone la alichokisomea, na wazo kwamba bakuli hizi zilikuwa sampuli halikupata mlango wa kuingilia.

Akaketi. Akavitazama vijiko, akatafuta sukari kwa macho, akakosa, hakuomba. Akanywa ya kwanza bila mlio. Akanywa ya pili. Ya tatu ilikuwa na ladha ya soksi iliyosahauliwa karibu na jiko, lakini akaimeza kwa mdomo wa meneja. Ya nne. Ya tano aliimaliza akiwa ameshika kifungo cha suruali.

Phelis akarudi, akasimama, akachungulia bakuli moja baada ya nyingine.

"Imeenda wapi?"

"Nini, mama?"

"Chai."

"Nimekunywa. Asante sana, ilikuwa tamu."

"Zote?"

"Zote, mama."

Phelis akavuta kiti akaketi polepole. "Haya. Niambie tofauti ya ile ya kwanza na ya tano."

Hapo ndipo Duke alipoelewa, kama mtu anayekumbuka sufuria wakati moshi umeshafika barabarani.

"Naweza kuzipima," akasema haraka. "Mkinipa mashine, kwa siku tatu nitawaambia kila kilichomo ndani."

"Siku tatu majani yatakuwa yameshafungwa kwenye magunia. Mashine yetu ni hii." Akajigusa ulimi. Kisha akaita mlangoni, "Joab, ingia na zako. Bwana Oyaro, usitoke. Kaa uone."

Joab alikuwa dereva wa trekta la kubeba majani. Alimaliza kidato cha nne, akaomba kazi hiyo hiyo kama mtu anayerusha jiwe gizani. Aliweka bakuli zake tano mezani, akachota kijiko, akaivuta chai kwa mlio wa shuka inayopasuliwa, akaizungusha mdomoni, akageuka na kuitema ndani ya kile chombo cha bati, moja kwa moja juu ya mwavuli wa Duke.

"Pole, bwana," akasema. "Nilidhani humo hakuna kitu."

Akaendelea. Mlio, mate, mlio, mate. Alipofika ya tatu alikunja uso. "Hii imeungua, Madam. Ni ile draya ya pili ya kukaushia majani. Ilizidi moto Jumanne, nilisikia harufu nikiwa bado kwa lango."

Phelis akaandika. Joab akaruhusiwa kwenda. Mwavuli ukabaki ukichuruzika chai.

"Lakini tangazo lilisema shahada," Duke akasema. Sauti yake haikuwa ya ubishi.

"Tangazo liliandikwa na ofisi. Mimi natafuta ulimi."

"Ulimi unaweza kufundishwa, mama."

"Unaweza. Wangu ulichukua mwaka na nusu." Phelis akashusha miwani, akaiangalia fomu yake. "Wewe umebakisha siku ngapi kufika thelathini na mitano?"

"Kumi na tisa."

Phelis hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. "Ni nani alikufundisha kunywa chai namna hii?"

"Chuo kikuu."

"Mm," akasema Phelis, na hiyo ndiyo tathmini fupi zaidi ambayo elimu ya Duke iliwahi kupewa.

Kapsoit, Yunia alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake ya Jumapili, ingawa ilikuwa Alhamisi.

"Walikukaribisha vizuri?"

"Walinipa chai, mama."

"Kikombe ngapi?"

"Tano."

Yunia akashika mashavu. "Tano. Mtu hapewi chai tano kama hatakiwi, omogaka." Duke alifungua mdomo amweleze, akaona uso wa mama yake, akaufunga. Jumapili habari ya bakuli tano ilisomwa pamoja na matangazo ya harusi.

Barua ya kumshukuru kwa kuonyesha nia ilifika siku mbili baada ya siku yake ya kuzaliwa. Yunia hakujua kuisoma, kwa hiyo akaiweka vizuri ndani ya Biblia. Wiki iliyofuata Okello akapiga simu.

"Oyaro, nasikia ulifika mpaka chumba cha mwisho. Unajua wangapi wa semina yangu wamefika huko?"

"Wangapi?"

"Wewe. Nataka uje uzungumze na kundi jipya. Tumeshachapisha bango na picha yako."

"Daktari, sikupata hiyo kazi."

"Hatutataja mwisho. Tutataja safari."

"Niliangushwa na somo lako la chai. Kule wanavuta na kutema."

Okello akafikiri. "Hiyo usiwaambie, itawavunja moyo. Malipo hakuna, lakini kutakuwa na chakula cha mchana."

Duke akamtazama mama yake, aliyekuwa akichambua maharagwe ya siku ile na kutenga ya kesho.

"Chakula gani?" akauliza.

"Wali na kuku."

"Na mtu anaweza kubeba?"

"Ukija na chombo chako," akasema Okello.