Siku Kumi na Tisa Zilizobaki

Mdogo wangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza nilimleta kwangu Magomeni nimlee uzazi. Mama yetu alishafariki, na mkubwa ni mimi. Asubuhi nilifungua duka langu la kanga Kariakoo, mchana nikarudi kumkanda kwa maji ya moto. Nikamfunga tumbo, nikamnywesha uji wa pilipili manga, na mlangoni hatoki mpaka arobaini. Nilijiona najua.

Siku ya ishirini na moja akasema kichwa kinamuuma, na akilala ndiyo kinazidi. Nikamfunga kanga kichwani, nikaikaza.

"Dada, nipeleke hospitali."

"Mzazi hatoki. Zimebaki siku kumi na tisa, vumilia."

"Naona ukungu."

"Unalia mno, ndiyo maana."

Akatii, kwa sababu alilelewa kuniheshimu. Heshima ile naichukia mpaka leo.

Siku ya tatu ya kuumwa kichwa alitapika mfululizo, nikaona aibu kwa majirani, nikampeleka. Wakampiga picha ya kichwa. Daktari akasema ubongo ni safi, ni uchovu wa uzazi, akatupa dawa za maumivu. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kwenye bajaji nilimwambia, "Umeona sasa? Si nilikwambia?"

Kesho yake mwili ukamkakamaa, macho yakageuka, povu mdomoni. Jirani akasema ni mashetani, nisimtoe nje. Safari hii sikusikiliza mtu, nikamrudisha hospitali.

Wodini tulimkuta daktari mwingine, binti mdogo. Akaniamkia shikamoo, kisha akauliza, "Amejifungua lini?" Wa kwanza hakuuliza, wala mimi sikusema. Akaagiza picha nyingine, ya kuchomwa dawa mkononi ili mishipa ionekane. Majibu yalipotoka akaniita.

"Mama, hapa damu imeganda, kwenye mishipa inayotoa damu kwenye ubongo. Inaingia, lakini njia ya kutokea imeziba. Ile picha ya kwanza haikuonyesha mishipa. Damu ya mzazi huganda upesi, na kulala tu bila kunywa maji ya kutosha kunaongeza. Kichwa kilianza lini?"

Nikamwambia. Akainama, akaandika.

Sindano za kuzuia damu isizidi kuganda ziliokoa roho yake. Macho hayakurudi, presha ya kichwani ilishayaharibu. Arobaini ilimkuta wodini.

Kanga bado nauza. Mteja akinunua ya mzazi namwambia, akilalamika kichwa mtoe siku hiyo hiyo, usihesabu siku. Wengine hunibetulia midomo. Na mimi ningebetua.

Mtoto sasa anatembea, meno yamejaa. Mama yake anaujua uso wake wa wiki tatu tu. Kila jioni nikirudi kutoka dukani humshika mwanawe mashavu, akaniuliza, "Dada, leo anafananaje?" Nami nakaa chini namweleza, maana macho ninayo mimi.